Nakwenda msitu wa Kibale, Uganda, kwa muhula mzima wa fildi: waliopita huko naomba mwongozo

Mwana wa Mrina Asali

Wakuu habari za jioni.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, shahada ya usimamizi wa wanyamapori. Nimechaguliwa kwenda kukaa muhula mzima Uganda, kwenye kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Makerere kilichopo Kanyawara, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kibale. Nitakuwa chini ya mtafiti anayefuatilia sokwe na miti wanayokula. Barua imefika juzi na sijaizoea bado.

Nimezaliwa Sikonge, Tabora. Baba ni mrina asali, kwa hiyo kulala porini si jambo geni kwangu, na miombo naijua mti kwa mti. Lakini msitu wa mvua sijawahi kuingia, na mpaka wa nchi sijawahi kuvuka. Mama kasikia Uganda, msitu na sokwe kwa pumzi moja, tangu siku hiyo hana raha. Kila jioni ananiuliza maswali nisiyo na majibu yake.

Naomba aliyewahi kuyaishi anieleze kama anavyomweleza mdogo wake wa kuzaliwa. Siku inakwendaje toka alfajiri mpaka usiku? Chakula je? Hatari ya kweli ni ipi? Hela ya kujikimu nijipange vipi? Nguo, viatu? Mambo ya vipeperushi vya watalii nimeshayasoma, nataka ya mtu aliyelowa mvua huko.

Nawasilisha.

Mzee wa Mutukula

Hongera sana kijana. Ya msituni siyajui, ila barabara hiyo nimeiendesha miaka mingi, nikusaidie upande huo.

Chukua pasipoti, usitegemee kitambulisho cha NIDA. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima, na uchanjwe angalau siku 10 kabla ya safari maana chanjo inaanza kutambulika baada ya hapo. Viza hatulipii, sisi ni wa Jumuiya. Ila ukifika dirisha la uhamiaji mpakani Mutukula mwambie afisa waziwazi kwamba unakwenda kusoma na umwekee barua mbele yake. Vijana wengi husema "natembea" ili wapite haraka, wanagongewa muhuri wa matembezi, halafu wanahangaika Kampala kuurekebisha.

Kutoka Mutukula unapita Kyotera, Masaka, mpaka Kampala. Kutoka Kampala kuna mabasi ya moja kwa moja hadi Fort Portal kupitia Mubende, kama kilomita 300. Ukiambiwa panda taxi usishtuke, ni kipanya cha abiria 14. Mpakani badilisha hela ya nauli na chakula tu. Shilingi yetu ina nguvu zaidi kidogo ya yao, kwa hiyo ukipewa shilingi chache kuliko ulizotoa, rudisha na uhesabu upya.

Binti Uluguru

Mdogo wangu, hongera. Nilikaa Kanyawara muhula mmoja nikiwa mwanafunzi kama wewe, nikitokea Morogoro, na kazi ninayofanya mpaka leo imetokana na muhula ule. Nitaandika kirefu, vumilia.

Nianze na siku. Sokwe hulala juu ya miti, na kila jioni kila mkubwa anakunja matawi anajitengenezea kiota kipya. Timu iliyowafuata jana inaondoka baada ya kuwaona wamelala na inajua miti waliyolalia. Kazi yako ni kuwa chini ya miti hiyo kabla hawajaamka. Maana yake unatoka kambini saa kumi na moja alfajiri, tochi kichwani, buti za mvua miguuni, chai imenywewa kwa kusimama. Unatembea kwenye giza nyuma ya mtu anayeijua njia, na husemi.

Mnafika, mnasubiri. Sokwe akiamka kitu cha kwanza anakojoa, na mkojo huo ndio mliofuata. Una kijiti kirefu chenye panda, kwenye panda umefunga karatasi ya nailoni, unakiinua chini ya kiota na kuukinga. Ukiukosa, unaunyonya kwa kibomba kutoka kwenye majani ya chini, tone kwa tone, ukiwa na uhakika ni wa nani. Unautia kwenye kichupa, unaandika jina na saa. Kwa mkojo ule maabara itajua kama mnyama ana njaa, ana mimba, au ana msongo, bila mtu kumchoma sindano. Mara ya kwanza nilipouona mkono wa msaidizi wa utafiti ukinyonya matone yale kutoka kwenye jani la ukubwa wa kiganja bila kulitikisa, nilielewa kwamba nimefika shule.

Kisha mnawafuata. Yupi yuko na yupi, anakula nini, mti wa aina gani, muda gani. Wao hawatumii njia. Kuna mtandao mzuri wa vijia vilivyofyekwa na kuwekewa alama, lakini sokwe wakiamua kushuka bondeni mnashuka nao, kwenye tope la mafunjo, kisha mnapanda upande wa pili. Siku nyingine hutawafuata kabisa. Utazunguka miti iliyofungwa vibati vya namba, uikague mmoja mmoja kwa darubini: maua yapo, matunda mabichi yapo, yaliyoiva kiasi gani. Kazi hiyo inaumiza shingo na haina msisimko wowote, lakini usiidharau. Bila kujua mti upi wa tini umezaa mwezi huu huwezi kueleza kwa nini sokwe wote wamehamia upande mmoja.

Wewe mtoto wa miombo naomba uangalie kitu kimoja mapema. Sehemu za Kanyawara zina namba. K-30 haikuvunwa mbao kibiashara. K-15 ilivunwa sana mwishoni mwa miaka ya 1960. Ukivuka kutoka moja kwenda nyingine utaona kwa macho yako: upande mmoja miti mikubwa imefunga anga na chini kuna kivuli, unatembea kwa raha, upande wa pili mwanga unamwagika, vichaka vya miiba vinakufika kifuani, miche ya miti mikubwa ni ya kutafuta. Zaidi ya nusu karne imepita na msitu haujarudi. Ndovu nao wanapenda kula na kukanyaga kwenye uwazi ule, kwa hiyo unazidi kubaki wazi. Nilifundishwa darasani kwamba msitu ukiachwa unajirudishia wenyewe. Simama mpakani mwa K-15 halafu uniambie.

Hatari. Sokwe si hatari yako kubwa. Ndovu ndiyo. Porini kwenu mnyama unamwona toka mbali, Kibale unaweza kuwa karibu naye sana na usione hata sikio. Kuna siku msaidizi niliyekuwa naye alisimama ghafla, akanishika bega, akanusa. Mimi sikusikia kitu, sikuona kitu. Tukakaa kimya, kisha tukasikia tawi linavunjwa mbele yetu pale pale tulipokuwa tunaelekea. Tukarudi nyuma taratibu, tukazunguka kwa kijia kingine, tukapoteza asubuhi nzima. Mwenzako akikwambia rudi, unarudi. Hujadiliani naye na humwoneshi shahada.

Siafu wapo kila mahali: suruali ndani ya soksi, na usisimame bila kutazama chini. Malaria ipo, chandarua utapewa ila beba dawa zako. Kuna na kupe anayeingia puani. Si hadithi, mtafiti wa Marekani Tony Goldberg alimkuta kwenye pua yake mwenyewe baada ya kutoka Kibale, akachapisha habari hizo 2013, na sokwe wa huko wanao puani. Ukihisi kitu puani kwa siku kadhaa, sema.

Sasa jambo ninalotaka ulishike kuliko yote: mafua yako. Kwetu mafua ni kitu cha kupenga na kuendelea na kazi. Mwaka 2013 sokwe wa Kanyawara waliugua kikohozi, na wakati huo jamii yao ilikuwa na sokwe 56. Wakafa watano. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka miwili, anaitwa Betty. Vipimo vikaonesha ni kirusi cha mafua ya binadamu, rhinovirus C, kile kile kinachowakohoza watoto wetu. Mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2017 jamii ya Ngogo, upande mwingine wa hifadhi hiyo hiyo, ilipoteza sokwe 25 kwa kirusi kingine cha njia ya hewa kinachotokana na watu. Ishirini na watano.

Ndiyo maana utavaa barakoa, utakaa mbali nao, hutatema, hutapiga chafya hovyo, na hutaacha ganda la ndizi msituni. Nami nilishikwa na mafua katikati ya muhula, wakati miti ya tini ilikuwa imezaa na data ndiyo inapatikana. Nilibaki kambini. Nilikuwa nasikia milio yao ng'ambo ya bonde huku naingiza takwimu za wenzangu kwenye kompyuta, na nilitamani sana kutoka, ila nilikaa mpaka kikohozi kikaisha na siku za tahadhari zikapita. Ripoti yangu ina pengo la wiki hizo na nimeeleza sababu yake kwa maandishi. Msimamizi wako akikushinikiza uingie msituni ukiwa na mafua, kataa kwa heshima.

Hela. Chuo changu cha nyumbani kilichelewesha fedha za kujikimu na tuliishi kwa kukopeshana. Usitoke nyumbani bila akiba ya angalau mwezi mmoja, mkononi mwako, isiyotegemea saini ya mtu. Vibali navyo uanze leo: kuna cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda na kuna cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Havitoki kwa siku mbili.

Chakula utafurahi. Matoke kwa mchuzi wa karanga, maharage, ugali wa ulezi, na firinda, yaani maharage yaliyomenywa maganda yakapondwa laini. Ukishuka mjini kula rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai na nyanya. Mimi wali wa Kilombero ndio nililia nao.

Mengine madogo. Usiku ni baridi, beba sweta. Andika kwa penseli, wino unayeyuka. Daftari lako lisome usiku uleule na ujaze mapengo kabla hujalala, hata kama macho yanafumba, maana kesho mambo mawili yatakuwa yameshachanganyika.

Na watu. Watooro wana jina la heshima waitalo empaako, Akiiki, Amooti, Abwooli, Ateenyi na mengineyo, yako machache tu na kila mtu ana lake. Huwezi kumsalimia mtu vizuri bila kulijua. Watakupa la kwako. Lipokee, na ujifunze ya wenzako wote wiki ya kwanza, kuanzia mpishi. UNESCO iliiingiza desturi hiyo mwaka 2013 kwenye orodha ya zile zinazohitaji kulindwa haraka, na wazee wa pale wanaona fahari mgeni anapoifuata. Wasaidizi wa utafiti ninaowataja humu wamewajua sokwe hao tangu wakiwa wachanga, wanamtambua mmoja kwa mlio kabla hujamwona. Watafiti tunakuja na kuondoka na majina yetu yanachapishwa. Ya kwao uyaandike kwenye ripoti yako, yote, ukurasa wa mbele.

Kasuku wa Kigoma

Binti Uluguru umeandika vizuri, lakini mimi nina dukuduku na naomba nisieleweke vibaya.

Gombe sokwe wanafuatiliwa tangu 1960. Mahale Wajapani wa Kyoto walianza 1965. Wazee wa vijiji vyetu wamejaza madaftari kwa Kiswahili kwa miaka mingi, wamewafuata sokwe kwenye miteremko ambayo mgeni anapanda kwa magoti. Mjomba wangu ni mmoja wao, magoti yake leo hayakunjiki. Halafu kijana wa Sikonge, jirani yetu kabisa, anavuka mpaka kwenda kujifunza sokwe Uganda! Tunasema nini kwa wazee hawa? Kwamba elimu yao haitoshi? Mimi ningependa vijana wetu waanzie Kigoma.

Binti Uluguru

Kaka, shikamoo ya mjomba uifikishe. Sina ubishi na wewe kwamba vijana waende Kigoma, tena wangekwenda wengi. Lakini hebu nikujibu kwa mfano wa asali, kwa kuwa mwenye uzi ni mtoto wa mrina.

Mwaka 2009 ilichapishwa kazi iliyofanyika Uganda. Watafiti walitoboa tundu kwenye gogo wakatia asali, kina kirefu kisichofikika kwa kidole. Sokwe wa Kanyawara walipoikuta walichukua vijiti, wakachovya, wakalamba. Sokwe wa Sonso, msitu wa Budongo, nchi hiyo hiyo, aina hiyo hiyo, walitafuna majani wakayafanya kama sponji, wakayachovya. Tundu moja, asali moja, jamii mbili na mikono miwili tofauti.

Gombe wanavua mchwa kwa vijiti, mjomba wako amewaona mara nyingi kuliko profesa yeyote. Kanyawara hawavui. Mahale sokwe wawili wakichambuana manyoya hushikana mkono mmoja juu ya vichwa, na Kibale nako hufanya hivyo, Gombe hawana mtindo huo, ingawa Gombe na Mahale ziko ufuko mmoja wa Tanganyika. Mtu aliyeona sehemu moja tu atadhani hivyo ndivyo sokwe alivyo. Aliyeona mbili anaanza kuuliza nani kamfundisha nani.

Kuna na jingine. Gombe ni ndogo, kama kilomita za mraba 35, na Kibale ni 795, ila zote zimezingirwa na mashamba. Kibale nilijifunza kuhusu mitego ya waya. Wanatega paa na nguruwe, anayenasa ni sokwe. Nilimfuata jike mmoja aliyepoteza vidole vya mkono wa kulia, kifundo kimepinda. Alikuwa anapanda mtini kwa kukumbatia kwa kiwiko, mtoto kamning'inia tumboni, na akifika kwenye tunda analichuma kwa midomo. Kuna vikundi vinavyopita msituni kung'oa mitego hiyo, na mwanafunzi akiomba kwenda nao anaruhusiwa. Mwana wa Mrina, omba. Kisha tembelea wanakijiji pembezoni, uone mahindi yaliyoliwa na ndovu usiku mmoja. Nilikaa na mama mmoja shambani kwake asubuhi ya namna hiyo, anakusanya mabua. Baada ya hapo sikuweza tena kuandika neno "jangili" kirahisi nilivyokuwa nikiliandika chuoni.

Akirudi, Kigoma imngoje. Na mjomba wako amwulize maswali, atakuwa na ya kujibu.

Kasuku wa Kigoma

Hapo nimekuelewa. Habari ya Gombe na Mahale kutofautiana kwenye kushikana mikono mjomba anayo tangu zamani, alikuwa anatusimulia nasi tunadhani anatuchangamsha. Kijana, ukirudi pitia kwetu, nitakukutanisha naye.

Mwana wa Mrina Asali

Shikamoo Mzee wa Mutukula, dada Binti Uluguru, kaka Kasuku. Nimemsomea baba huu uzi, akacheka mpaka akakaa chini aliposikia habari ya vijiti na asali. Amesema hata yeye akikosa kikombe anachovya kijiti. Kaka Kasuku, kwa mjomba nitakuja, hiyo ni ahadi.

Nimebakiza mawili, dada. Mama anauliza nikiugua nitatibiwa wapi, na kama simu inashika. La pili ni langu. Nikimaliza muhula na sijapata data ya kutosha kwa sababu ya mafua au mvua, chuo kitanielewa?

Mzee wa Mutukula

Marahaba mwanangu. Mwambie mama laini ya Uganda utasajili kwa pasipoti siku ya kwanza, na mitandao miwili mikubwa ya kule yote inapokea pesa. Njia ya kutuma toka huku wakala yeyote mkubwa ataieleza. Jaribu na kiasi kidogo kwanza.

Binti Uluguru

Mwambie mama hivi: kambini simu inashika, msituni inakatika, kwa hiyo mchana asipokupata asihangaike. Mpangie saa maalumu jioni na usiivunje. Fort Portal ni mji wenye hospitali, haifiki saa moja kwa gari kutoka kituoni, na gari la kituo au la jirani huwa linapatikana. Mpe pia namba ya mtu wa pili wa kituo, si yako peke yako.

La data. Kabla hujaondoka, kaa na msimamizi wako wa nyumbani mkubaliane kwa maandishi maswali mawili ya utafiti: moja linalohitaji sokwe, la pili la miti peke yake. Miti haiambukizwi mafua na haihami. Wiki ambayo huruhusiwi kukaribia sokwe na umeshapona vya kutosha kutembea, unaweza kuomba kwenda kwenye viwanja vya miti vilivyo mbali nao, kupima vipenyo na kuhesabu miche. Linganisha K-30 na K-15. Mtoto wa miombo atakuwa na la kusema hapo ambalo wengine hawana, kwa sababu kwenu mti ukikatwa unachipua kwenye kisiki, na kule utakuta mambo mengine.

Ukianza kujaza maombi ya vibali nitumie ujumbe, nitakupa nakala ya fomu niliyotumia kurekodi uone ilivyopangwa. Na buti za mvua usizibebe toka Sikonge, zipo tele sokoni Fort Portal. Nunua namba moja juu ya yako, soksi ziwe mbili.